Waya Unaosikia Bahari

Kwetu sisi tuliolelewa chini ya Mlima Rungwe, katika Bonde la Ufa, tetemeko si mgeni. Lakini lile lililotikisa Dar es Salaam usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 lilitoka chini ya bahari, na vipima-tetemeko vingi vya dunia viko nchi kavu.

Tangu 2009 nyaya za intaneti zenye nyuzi za kioo zimelala baharini hadi Dar es Salaam. Ukipeleka mwanga katika uzi, sehemu ndogo hurudi; tetemeko likiunyoosha uzi, mwanga unaorudi hubadilika. Hivyo waya waweza kuwa sikio, makumi ya kilomita kutoka pwani.

Vijana, someni fizikia. Nyaya tunazo; wa kuzisikiliza ndio tunaowangoja.