Paa la Motokaa Lililobonyea

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni kutengeneza paa la motokaa lililobonyea kidogo. Aliye na motokaa na asikilize. Asiye nayo na asikilize vilevile, kwa maana huenda siku moja akaazima ya mwenziwe, kama tulivyoazima sisi.

Tuliazima motokaa ya shemeji yetu kuchukulia magunia ya dagaa na kitanda kutoka Sengerema. Tukavuka Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2025 kati ya Kigongo na Busisi, pale ambapo zamani watu walikaa wakingojea pantoni. Safari ilikuwa njema mpaka nyumbani. Hapo kijana wetu akapanda juu kufungua kamba, na goti lake likalemea bati. Bati likalia, "Pu!" Kumbe, pamebonyea upana wa sahani, na kina cha kidole kimoja kilicholazwa.

Hatutawaficha neno. Moyo wetu wa kwanza ulikuwa kunyamaza. Shemeji yetu ni mtu mfupi. Tulisema, lini atakapoliona paa la motokaa yake? Lakini kijana mwenyewe, machozi yakimlengalenga, akatuambia, "Baba, tukinyamaza, mvua itasema." Alisema kweli, kwa maana katika shimo lile maji ya mvua hutuama, na rangi ikipata ufa, kutu huingia. Basi tulikwenda kwa shemeji usiku uleule, tukamweleza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Itengenezeni vema, lakini msiipeleke kwa mtu wa nyundo nyingi."

Hilo neno la nyundo nyingi ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Bati la motokaa za siku hizi ni jembamba. Kwa kawaida unene wake haufiki milimeta 1. Likibonyea bila kukunjika, bado lina nguvu ya kurudi mahali pake, kama upinde utakavyo kunyooka kamba yake ikikatwa. Lakini likigongwa kati ya nyundo na chuma kingine, hufinywa likawa jembamba zaidi, na kwa hiyo hutanuka. Likiisha kutanuka halina tena nafasi ya kukaa. Huvimba juu, na ukilibonyeza huingia na kutoka likilia kama kifuniko cha debe. Kulirudisha lililotanuka ni kazi ya moto na maji, nayo yataka fundi hodari.

Fundi wetu pale Mwanza hakuanza na nyundo. Kwanza aliosha paa, akainama kulitazama kwa ubavuni, mwanga wa asubuhi ukilipiga, ili aone mbonyeo ulikoanzia na ulikoishia. Kisha akapitisha sumaku. Sumaku isiponata, ama paa ni la aluminiamu, ama mtu amekwisha kuliziba kwa puti nene. Tena akapapasa rangi kwa kidole, akitafuta ufa, asiuone.

Baadaye akaiacha motokaa juani hata bati likapata joto. Akalowesha ukingo wa kikombe cha mpira kinyonyacho, akakibandika katikati ya mbonyeo, akavuta polepole. Sehemu kubwa ikarudi. Kulikobakia, alishusha dari ya ndani, akasukuma kwa kiganja na kipande cha mti kilichoviringishwa nguo, akianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Mwisho kabisa ndipo aliposhika nyundo ya mpira, akaligonga tuta dogo lililosimama pembeni, taratibu, kama mtu apigaye hodi penye mgonjwa. Kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Lakini twawaonya. Motokaa nyingi za siku hizi zina mifuko ya hewa iliyofichwa kando ya paa, nayo hufumuka kwa kishindo wakati wa ajali ili kuwakinga watu. Asiyeijua asing'oe dari wala asiguse nyaya zake. Kazi hiyo amwachie fundi aliyejifunza. Na ikiwa bati limekunjika, au rangi imepasuka, kulivuta tu hakutoshi. Hapana budi kusugua kwa msasa, kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Afichaye kutu chini ya puti amejidanganya mwenyewe.

Wala watu wa ziwa hili si wageni wa chuma. Kule Katuruka, mkoani Kagera, wataalamu wamefukua masalio ya tanuru za kuyeyushia chuma za miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Warongo wa Uzinza nao walifua majembe yaliyolima mashamba ya Usukuma. Walijua wakati wa kupiga chuma na wakati wa kukiacha. Enyi wanafunzi, mkipata nafasi nendeni Bujora, karibu na Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma, mkajionee wenyewe habari za wafua chuma wa kale.

Tuliporudisha motokaa, shemeji alileta kiti, akapanda, akapitisha kiganja chake juu ya paa mara mbili. Kisha akashuka, akampa kijana wetu ufunguo, akamwambia, "Safari ijayo, fungua kamba ukiwa umesimama chini." Neno hilo twawaachia na ninyi. Kwaherini.