MAKISIO YANAYOANZA NA SIFURI: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WAKAZI WA KATA YA MALANGALI, SUMBAWANGA



Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Miezi mingi kabla ya siku hiyo, kila idara hutakiwa kuandaa makisio ya mapato na matumizi. Njia iliyozoeleka ni nyepesi: jalada la mwaka uliopita hufunguliwa, kiasi kilichoidhinishwa hunakiliwa, kisha huongezwa kidogo kwa sababu ya kupanda kwa bei. Ni nadra kuulizwa kama shughuli yenyewe ingali na manufaa.

Makisio yanayoanza na sifuri huyakataa mazoea hayo. Kila kasma huhesabiwa kuwa tupu mpaka mwombaji aeleze kazi itakayofanyika, watakaonufaika, na hasara itakayotokea isipofanyika.

Tanzania ilipata funzo la namna hiyo mwaka 2015. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, na fedha zake zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Sherehe zilizozoeleka kila mwaka ziliulizwa swali moja tu, "Je, ni lazima?", zikageuka lami.

Katika uwanda wa Ufipa swali hilo lina uzito wake. Mvua huanza Novemba hadi Aprili. Hivyo toka Julai ni miezi minne tu ya ujenzi. Ichukuliwe mfano wa kalavati lililobomoka mwezi Machi. Idara ikinakili jalada la zamani, shajala, posho na dizeli vitapata fedha tena, lakini kalavati halitakuwamo, kwa kuwa mwaka uliopita halikuwamo. Novemba ikifika, mama mjamzito atakwama ng'ambo ya maji.

Hata hivyo, utaratibu huu una gharama. Jimmy Carter aliutumia akiwa Gavana wa Georgia, na mwaka 1977 akauingiza katika Serikali ya Marekani akiwa Rais. Mwaka 1981 uliachwa. Ulikuwa umezaa makaratasi mengi mno.

Kwa hiyo yafaa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mishahara na malipo ya kisheria yasihusishwe. Kila idara ichague kasma mbili au tatu kila mwaka na kuzianza na sifuri.

(b) Wakazi wataje mahitaji yao katika mkutano wa mtaa, mapema, kabla makisio hayajafungwa.

(c) Mtendaji wa Kata ayafikishe mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata yakiwa yamepangwa kwa umuhimu, ili Halmashauri ijue lipi litangulie fedha zisipotosha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari linalonakiliwa bila kuulizwa nalo hupoteza mali.