Kelele za Ndege na Afya Yetu

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Magongo na Port Reitz, Mombasa

 

Sisi tunaoishi jirani na kiwanja cha ndege hupenda kusema, "Mimi nimezoea, hata sisikii." Masikio huzoea, ni kweli, lakini mwili hauzoei vile tunavyodhani. Ndege ikipita usiku juu ya mabati, hata ukiwa usingizini moyo huenda mbio kidogo na presha hupanda. Asubuhi hukumbuki kitu, ila umeamka umechoka. Mambo yakiwa hivyo miaka na miaka, presha yaweza kubaki juu.

Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walitoa habari za watu milioni 3.6 wanaokaa karibu na kiwanja cha Heathrow, London. Penye kelele nyingi zaidi, watu walilazwa zaidi kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Wenyewe walisema huo si ushahidi kamili, lakini si jambo la kupuuza.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapa ndipo panapotuuma. Huko Munich, Ujerumani, kiwanja cha zamani kilifungwa Mei 1992, kipya kikafunguliwa kwingine. Wataalamu walikuwa wamewapima watoto wa pande zote mbili kabla ya kuhama, wakawapima tena baadaye. Wale wa kiwanja cha zamani, waliokuwa nyuma katika kusoma na kukumbuka, wakapata nafuu. Wale wa kiwanja kipya wakaanza kurudi nyuma. Akili za watoto ni zile zile. Kilichohama ni kelele! Kwa hivyo mtoto akishindwa kusoma, mzazi asikimbilie kiboko.

Tutafanya nini basi? Ndege hatutazizuia, na wengine wetu tunapata unga kwa kiwanja hicho hicho. Kila mtu mzima apime presha zahanati, hata kama hasikii maumivu. Watoto walale chumba kilicho mbali na upande wa ndege. Dari chini ya mabati hupunguza sauti, ingawa kwa joto letu la Mombasa madirisha lazima yafunguliwe, na hapo faida yake hupungua. Hata hivyo pesa za kuzungushiana zikianzia dari ya darasa la nasari, si hasara.

Tena kuna haki. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Mradi mkubwa ukija, sheria yataka athari zake zichunguzwe na wananchi watoe maoni. Mikutano hiyo tusiwaachie wenye koti na tai peke yao.

Lakini hatuwezi kwenda na malalamiko matupu. Kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mwalimu, waandike kwa wiki mbili saa ndege zinapopita usiku na wakati wa masomo. Madaftari tunayo hapa mbele.