Wimbi Lina Mwenyewe

Katika ufuo wa Fistral, mjini Newquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, anayejifunza kuteleza juu ya mawimbi haanzii majini. Hulala kifudifudi juu ya ubao mchangani, akarudia mara nyingi kujiinua kwa mikono na kusimama kwa mkupuo mmoja. Ndipo huingia katika maji ya kiunoni na ubao wake mrefu wa sponji, kwenye mapovu ya mawimbi yaliyokwisha kuvunjika.

Kusimama, hata hivyo, ni nusu tu ya somo. Mgeni huambiwa kwamba wimbi lina mwenyewe, naye ni yule aliye karibu zaidi na mahali linapoanza kuvunjika. Anayelidandia mbele yake humkatia njia, na kwa kasi ile mwenzake hana pa kupita. Anayerudi kilindini naye huzunguka pembeni. Akinaswa katikati, huelekea kwenye mapovu, japo atapigwa na maji.

Kosa linalotisha zaidi huzaliwa na hofu. Wimbi kubwa linapomjia, mwanafunzi huuachia ubao akapiga mbizi. Ubao umefungwa kwa kamba kifundoni mwa mguu wake, ni kweli, lakini kamba hiyo yaweza kuzidi mita mbili, na maji huurusha ubao nyuma, pengine usoni pa mtu ambaye hakumwona. Kwa hiyo mwalimu humtaka kwanza atazame nyuma, kisha aushike ubao kwa mikono miwili.