Baraza Zetu Zinabomolewa, Nani Kaulizwa?

 

Leo siongelei kura, naongelea nyumba. Ile nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na Magomeni: baraza mbele, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Walioijenga ni watu wa kawaida. Walipangisha chumba kimoja kimoja, na mgeni kutoka bara akapata pa kufikia. Miaka ya 1950, siasa za uhuru zilizungumzwa kwenye baraza hizo, TANU ikiwa bado haijashika dola.

Nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni imehifadhiwa, leo ni makumbusho. Safi kabisa. Lakini jamani, majirani waliokuwa naye katika mapambano, wao hawana historia?

Sasa sikieni sheria inavyosema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa miaka mingi baadaye! Kwa hiyo nyumba za pale hazina ulinzi huo mpaka waziri atangaze. Yaani tunasubiri kalamu ya mtu mmoja.

Mtaambiwa jiji linakua. Ni kweli. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu wanahitaji pa kulala, na mwenye kiwanja ana haki ya kufaidi chake. Hatuwezi kumwambia bibi avumilie bati linalovuja ili sisi tupige picha. Kumkataza asibomoe, halafu usimsaidie, huko ni kumdhulumu kwa adabu.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Moja, kila mtaa uorodheshe nyumba zake za kumbukumbu, na orodha ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mbili, mwenye nyumba iliyoorodheshwa asamehewe kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, na apate mkopo nafuu wa ukarabati. Tatu, kibali cha kubomoa kisitoke kabla wapangaji na majirani hawajasikilizwa.

Na tusisubiri waziri. Wiki hii kila tawi lipite mtaani, liwaulize wazee: nyumba hii alikaa nani? Andikeni, pigeni picha. Nyumba ikishaanguka na mzee akishaondoka, historia itasimuliwa na mwenye kipaza sauti.

 Kazi iendelee mtaani!