Jina la Kikundi Lisije Likawafungia Mlango

Msikilizaji, kikundi chenu cha kucheza Scrabble, kufuma vitambaa au kupiga picha kinataka makao mtandaoni. Kabla hamjachagua jina, sikilizeni yaliyowapata ndugu wawili wa Kolkata, India: Rajat na Jayant Agarwalla.

Waliunda mchezo wa maneno uitwao Scrabulous, ukapata wachezaji wengi mno ndani ya Facebook. Ila jina la Scrabble lina wenyewe: Hasbro kwa Marekani na Kanada, Mattel kwingineko. Julai 2008 Hasbro ilifungua kesi. Siku chache baadaye, wachezaji wa nchi hizo mbili wakakuta mlango umefungwa. Kosa si lao, lakini waliokuwa katikati ya mchezo ndio walioumia.

Mwaka huohuo, katika kesi ya Mattel, Mahakama Kuu ya Delhi ilitenganisha mambo mawili: jina lilikaribiana mno na alama ya biashara iliyosajiliwa, lakini dai la hakimiliki juu ya mchezo wenyewe halikukubaliwa. Mchezo ukaendelea kwa jina la Lexulous.

Basi ukurasa msiupe jina la kampuni kana kwamba nyinyi ndio yenyewe, wala msiweke nembo yake. Kusema tu kwamba mnacheza Scrabble ni jambo jingine. Mkitaka kusajili jina lenu kama alama ya biashara, Tanzania Bara nendeni BRELA, Zanzibar BPRA, Kenya KIPI. Na ili msipoteane ukurasa ukifungwa ghafla, orodha ya simu za wanachama iandikeni pia kwenye daftari, akae nalo katibu.