Kufufua na Kutunza Trekta ya Zamani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wakulima)



Tumeombwa kueleza habari za trekta za zamani, maana ziko nyingi zilizoachwa nyuma ya ghala au chini ya mwembe, majani yameota mpaka kwenye kiti, na kuku hutaga chini ya injini. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita wakitaka kuzipima kwa kilo. Baadhi ya wenyeji husema, “Na wazichukue, kitu hiki kimekwisha.” Wengine husema, “Hapana, aletwe fundi, atie betri mpya, iwake leo leo.” Sisi twaona kwamba maneno yote mawili yana haraka. Chuma kilichouzwa kwa kilo hakirudi. Na injini iliyolazimishwa kuwaka kabla ya kutazamwa yaweza kuharibika kwa dakika moja kuliko ilivyoharibika kwa mvua za miaka ishirini.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutashika trekta moja tu na kuifuata mwanzo hata mwisho, nayo ni Ferguson TE20, ile ndogo ya rangi ya kijivu. Ilitengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, na idadi yake ilipita 500,000. Massey Ferguson 35 na 135, ambazo bila shaka wengi wenu mmeziona, zimetoka katika ukoo wake, na mengi tutakayoyasema yazihusu hizo pia, ingawa si yote. Wala msiidharau kwa udogo wake: tarehe 4 Januari 1958 Bwana Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha mlima Everest mwaka 1953, aliwasili katika ncha ya kusini ya dunia pamoja na wenzake, juu ya barafu tupu, wakiendesha trekta za namna hii zilizofungwa minyororo ya kukanyagia.

Kabla ya kushika spana yafaa kujua trekta hii ilibuniwa kwa sababu gani. Harry Ferguson alikuwa mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884. Kabla ya kushughulika na majembe aliunda ndege yake mwenyewe, akairusha mwaka 1909. Katika siku zake trekta zilikuwa zikiua watu kwa namna moja iliyojulikana sana. Plau ilifungwa nyuma na kukokotwa kama mkokoteni. Ikikwama katika kisiki, magurudumu ya nyuma hayakukubali kusimama, basi trekta iliinua pua yake ikapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Dawa aliyoipata Ferguson ni kuifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Plau inapolima, mkono wa juu husukuma kwenda mbele, na nguvu ile huikandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiinua. Tena mkono ule umeegemea springi kubwa. Udongo ukiwa mgumu kupita kiasi springi hubonyea, na pampu ya mafuta huinua plau kidogo yenyewe, mzigo ukapungua.

Hatuyasimulii haya ili kupamba hotuba. Mtu akifunga mnyororo kule juu, mahali pa mkono wa tatu, ili ang'oe kisiki au avute lori lililozama matopeni, ameifuta kazi yote ya Ferguson, na ile hatari ya zamani imerudi papo hapo. Kuvuta ni kwa upau wa nyuma peke yake, ulio chini kuliko ekseli. Kila dereva aambiwe hivi siku ya kwanza, naye mwenye trekta asiogope kuonekana mkali.

Basi twende kwenye trekta iliyolala. Jambo la kwanza ni kujua kwa nini iliachwa. Aulizwe dereva wa mwisho, au mtoto wake kama mwenyewe amefariki: ilizimika kazini, au iliegeshwa ikiwa nzima kwa sababu mafuta yalikuwa ghali? Iliyozimika kazini ina ugonjwa uliokuwamo kabla ya usingizi. Iliyoegeshwa nzima pengine ina kutu tu. Kisha isomwe namba iliyopigwa kwenye kibati mbele ya dereva, na herufi zake ziandikwe daftarini. TE-A ni ya petroli, TE-D ni ya mafuta ya taa, TE-F ni ya dizeli. Asiyeandika herufi hizi atanunua vipuri visivyoingia. Vipuri vyenyewe vingali vikitengenezwa mpaka leo, kwa sababu watu wengi huko Uingereza na kwingineko wazipenda trekta hizi na kuzitunza.

Adui wa trekta iliyolala ni maji. Hupenya kwa bomba la moshi, kama limesimama wima bila kifuniko. Hupenya kwa mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia. Hutokea pia ndani ya injini yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuizungusha injini hata nusu mzunguko, fungueni nati ya kutolea oili iliyo chini, polepole, na bakuli safi liwe tayari. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, basi hutangulia kutoka. Yakitoka maji, au oili nyeupe kama maziwa, mmepata habari kubwa bila kulipa hata senti moja. Silinda za injini ya petroli au ya mafuta ya taa iliyotengenezwa na kampuni ya Standard ni mabomba yaliyochomekwa ndani, na maji ya kupoza huzigusa kwa nje. Gasketi zilizo miguuni mwa mabomba hayo zikichoka, maji huingia katika oili. Hili lina matengenezo yake. Mabomba hutolewa, gasketi mpya hutiwa, na kama mabomba yameliwa hubadilishwa pamoja na pistoni, bila kutupa injini.

Ikiwa injini imeshikwa na kutu haizunguki, toeni plagi zote nne, mimineni katika kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, muache juma zima, mwongeze tena. Kisha tieni gia ya nne, watu wawili walitikise gurudumu kubwa la nyuma mbele na nyuma, taratibu. Wako watu ambao, kwa kukosa subira, hufunga trekta ya namna hii nyuma ya lori na kuikokota ikiwa katika gia. Tumeona mwenyewe akishangilia kwamba magurudumu yamezunguka, na baadaye ikaonekana kuwa mkono wa pistoni umepinda. Juma moja la kungoja lingalikuwa rahisi zaidi.

Moto wa plagi si jambo gumu, hata mwalimu wa shule na wanafunzi wake waweza kulifuata: silinda huwaka kwa zamu, ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Nyaya zipangwe hivyo. Neno moja tu lakosesha mafundi wa siku hizi, nalo ni kwamba katika trekta hizi upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye mwili wa chuma, kinyume cha magari ya leo. Tangi la mafuta lioshwe, na kikombe cha kuchujia kifunguliwe, maana kutu ya tangi hushuka mpaka kwenye kabureta. Injini ikiwaka, jicho liwe kwenye saa ya oili. Mshale usipopanda kwa sekunde chache, zimeni mara moja, msingoje kuona kama utapanda.

Twataka kukaa kidogo juu ya kuwasha, kwa kuwa hapa ndipo roho za watu zinapopotea. Ferguson aliweka stata katika mkono wa gia wenyewe: mkono usukumwe mahali pa herufi S, ndipo injini iwake, na mkono ukiwa pale trekta haimo katika gia yoyote. Swichi hiyo ikifa, mafundi wengi hawaitengenezi. Hutia waya au bisibisi juu ya stata, nao wamesimama chini mbele ya gurudumu la nyuma. Siku moja trekta itakuwa katika gia. Itawaka na kumpanda aliyeiwasha. Swichi itengenezwe kwanza, kabla ya rangi, kabla ya taa, kabla ya kiti. Vivyo hivyo breki. Kila gurudumu la nyuma lina breki yake. Moja ikishika na nyingine ikikataa, trekta huvutwa upande mmoja barabarani. Mara nyingi sababu ni oili iliyovuja kutoka ekseli ikalowanisha breki, na kukaza breki zaidi hakuondoi oili.

Kuhusu ule mtambo wa kuinua plau, tumesikia mara kadha wa kadha kwamba “pampu imekufa”, na mwenye trekta ameambiwa anunue nyingine. Huenda imekufa kweli. Walakini katika TE20 pampu ile huzungushwa na mhimili uleule unaozungusha mashine za nyuma. Mkono wake usipotiwa kazini, pampu hailali wala haifi, haizungushwi tu. Tena ukikanyaga klachi, pampu husimama. Jaribuni hili kabla ya kufungua mfuko. Pampu hukaa ndani ya oili ya gia na ekseli, oili moja kwa kazi zote tatu, kwa hiyo maji yaliyoingia kwa mpira wa gia huwa ndiyo yanayonyweshwa pampu. Mpira ule ni wa bei ndogo sana.

Klachi ikiisha, kazi ni kubwa. Trekta hii haina fremu kama lori. Injini, sanduku la gia na ekseli ya nyuma vimefungwa kimoja kwa kimoja, na ndivyo vinavyoshika mwili wote. Ili kuifikia klachi lazima trekta ikatwe vipande viwili kiunoni. Ekseli ya mbele ina pini moja katikati, ikiachwa hivyo injini yaweza kulala upande na kumbana mtu. Zipigwe kabari mbili za mti mgumu, moja kila upande, kati ya ekseli na chuma kinachoichukua, na kila nusu ikae juu ya magogo imara. Jeki ni ya kuinulia. Asiingie mtu chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake.

Trekta ikisha kufufuka, kazi ya kila siku ni ndogo lakini haina likizo. Kabla ya kuwasha: oili, maji, na kichujio cha hewa. Kichujio hiki kina oili ndani yake inayonasa vumbi, na katika vumbi la kiangazi yapasa kitazamwe kila siku; vumbi likipita, silinda husagwa kama kwa msasa. Trekta ya mafuta ya taa huwashwa kwa petroli, na ikisha pata moto ndipo hupewa mafuta ya taa. Ikipewa ikingali baridi, mafuta yasiyoungua huteremka katika oili. Basi mkiona oili imepanda kwenye kijiti cha kupimia, msifurahi, imwageni. Kabla ya kuzima irudishwe kwenye petroli, ili kesho iwake.

Wasiosadiki nguvu ya kazi hizi ndogo na wakumbuke Kongwa. Mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza katika Tanganyika ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwamo, lakini mojawapo ni mitambo: trekta nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika, mabaki ya vita, zikapelekwa porini kabla karakana na mafundi hawajawa tayari, nazo zilikufa upesi kuliko zilivyotengenezwa.

Si kila trekta yafaa kufufuliwa. Kama chuma kikuu cha injini kimepasuka, au sanduku la gia limevunjika, twawashauri muihifadhi kwa vipuri vya nyingine. Heri hesabu hiyo ifanywe mbele ya wenye mali wote, na bei za vipuri zisomwe kwa sauti, kabla fundi hajapewa kitu.

Habari ya rangi mmeiuliza wengi. Iwe ya mwisho, baada ya trekta kulima msimu mmoja, maana rangi mpya huficha mahali panapovuja. Ile ya asili ni kijivu, mwili na magurudumu pia. Kile kibati cha namba kisipakwe; fundi wa vipuri atataka kukisoma.